Ngozi Haikuletwa

Ngozi ililetwa dukani ikiwa bado mbichi, imekunjwa ndani ya kiroba cha mbolea na kufungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Mabula aliishusha kwa mikono miwili, akapita nayo katikati ya majora ya vitenge, na bila kumwomba mtu radhi akaikunjua juu ya kaunta. Inzi waliingia naye. Mteja mmoja, mke wa mtumishi wa serikali, alijiziba pua kwa ncha ya mtandio akatoka bila kuaga. Mzee Lukmani, mwenye duka, hakuhangaika naye. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama kutazama: madoa meusi mgongoni, chapa ya moto pajani, mkato wa sikio.

"Ni yule mwenye pembe iliyopinda," alisema.

"Ndiye," Mabula alijibu. "Alitumbukia korongoni. Nimekuletea paja. Nyama nyingine tumegawana na majirani, maana jua lilikuwa kali."

"Pole, kaka."

"Pole ni yako. Ng'ombe ni wako."

Sauda, binti wa Lukmani, alikuwa bado msichana wa shule wakati huo, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Mabula alipoondoka alimuuliza baba yake kwa nini yule mzee asipige simu tu, aseme ng'ombe kafa, yakaisha. Lukmani alicheka. "Simu itaniambia ng'ombe kafa," alisema. "Itanionyesha ni yupi?"

Watu wa Mpanda wenye maduka, wale waliokuja zamani kutoka Tabora na Kigoma na kwingineko, wengi wao wamewahi kuwekesha ng'ombe kwa Wasukuma, yaani kuwaacha wachungwe huko. Utaratibu wenyewe hauna maandishi. Aliyewekeshwa hunywa maziwa, hulima kwa maksai, samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye mali, na kifo pia ni cha mwenye mali. Hakuna anayemdai mfugaji fidia ya ng'ombe aliyekufa kifo cha Mungu. Kinachodaiwa ni ngozi. Iletwe mapema, na iletwe na mkono wa yule yule aliyewekeshwa, kabla mwenye ng'ombe hajasikia kwa watu. Ukikaa kimya, hata kama ng'ombe kweli kaliwa na simba, basi umemla wewe.

Lukmani alipofariki, Sauda alikuwa mwanamke mzima, ameachika, ana watoto wawili na meza ndogo ya khanga kwenye baraza la duka la baba yake. Wafiwa wa mji huu wanajua jinsi mali ya marehemu inavyoota miguu kabla ya arobaini. Mabula hakusubiri kuulizwa. Aliswaga kundi zima kutoka kijijini kwake Kasokola, akalisimamisha uwanjani nyuma ya nyumba yao mtaani Ilembo, akamwita Bi Zuhra, mjane, na watoto wake wote. "Hawa ndio ng'ombe wa Lukmani," alisema. "Waangalieni. Kama kuna anayepungua, ngozi yake marehemu aliiona."  Hakuna hata mmoja wao aliyejua walikuwa wangapi. Kama angebakiza nusu ya kundi porini wasingejua mpaka kiama.

Ng'ombe waligawanywa kwa warithi, wakauzwa mnadani, na fungu la Sauda ndilo lililorudisha uhai dukani. Mtamba mmoja tu, mwekundu, wa paji jeupe, Mabula aliomba abaki kwake. "Huyu msimuuze," alisema. "Akae kwangu, undugu usikatike." Bi Zuhra alilia zaidi siku ile kuliko siku ya mazishi. Tangu hapo Mabula alimwita Sauda ng'wanone, yaani mwanangu kwa Kisukuma, na Sauda alimwita baba mkubwa, na kila akija mjini lazima apite dukani, hata kama hana haja ya shuka wala blanketi.

Basi wakaja watu wa hisa.

Walikuja kutoka Dar es Salaam, wamevaa fulana za rangi moja, wakakodi ukumbi, wakatundika mabango na kugawa maji ya chupa. Kiongozi wao aliitwa Damiano, kijana mtanashati mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, anayejua kukukazia macho mpaka ukadhani ukumbi mzima mko wawili tu. Alisema kampuni yao ni ya udalali wa hisa, wananunua na kuuza kwa niaba ya wateja, na sasa wanataka kuwafikia wananchi wa mikoani waliosahauliwa. Kwa hiyo wanatafuta watambulishaji. Kazi ya ziada. Unaifanya kwa muda wako, huna ofisi, huna bosi, unamtambulisha mteja, akinunua hisa nawe unapata sehemu ya ada. "Nyie ndio mlango," alisema. "Bila nyie, sisi tuko nje tunapiga hodi tu." Hakuna mshahara pia, lakini hilo bango halikulisema.

Sauda alijaza fomu siku hiyo hiyo. Mtu asimcheke. Biashara ya vitenge ilikuwa imedorora, maduka ya jumla yalikuwa yamefunguliwa karibu na soko, na mwanamke mwenye akili na diploma ya biashara iliyolala kabatini anachoka kukunja na kukunjua nguo zisizonunuliwa. Alifundishwa kwa njia ya simu, akapewa cheti chenye picha yake, na akasomewa masharti, moja likarudiwa zaidi ya yote. Damiano alilisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Wewe unatambulisha. Ushauri si kazi yako. Bei si kazi yako. Mteja akikuuliza bei imepanda au imeshuka, mwambie awasiliane na kampuni. Ukijifanya mshauri, tunakufutia cheti. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

Alianza na wauguzi na walimu. Walinunua vihisa vya kubembeleza, wakimpigia simu kila jioni kuuliza kama wameshakuwa matajiri. Mapato yake kwa wote hao hayakutosha hata vocha. Damiano akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba watambulishaji wa Kahama wanamwacha mbali. "Huko kwenu hakuna wenye fedha?" aliuliza.

Wenye fedha walikuwepo. Walivaa kandambili za matairi na kulala juu ya ngozi, na fedha yao ilikuwa inatembea kwa miguu minne. Sauda alijua boma moja ambako angepokelewa kabla hajashuka kwenye bodaboda.

Nyanzala, mke wa Mabula, alimletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo kilichofukizwa moshi, kile ambacho mgeni hapewi. "Kunywa," alisema. "Mmekonda, nyie watu wa mjini. Mnakunywa maji ya chupa mnadhani mmekula."

Sauda alikunywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo, akaanza. Mabula alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anachonga mpini wa shoka. Malisho yalikuwa yamebana miaka hiyo. Ukigeukia huku ni mashamba ya watu, ukigeukia kule ni hifadhi, na wanawe walikuwa wamechoka kukimbizana na mipaka. Alikuwa ameshaanza kufikiria kupunguza kundi. Hilo Sauda alilijua, na hakuja kwa bahati.

"Hizo hisa zinakula nini?" Mabula aliuliza.

"Hazili chochote, baba mkubwa. Ndio uzuri wake. Hazina kupe, haziingii shambani kwa mtu."

"Kisichokula kinazaaje?"

Ngusa, mtoto wake wa kiume wa mwisho, alicheka. Sauda naye alicheka, lakini moyoni alihisi jambo linamponyoka. Maneno ya semina yalikuwa hayaingii humu bomani. Mtaji, faida, mseto wa uwekezaji, yote yalidondokea samadini. Ndipo likamjia lile lililokuwa karibu yake siku zote, akalishika kwa furaha ya mtu aliyeokota ufunguo.

"Baba mkubwa, baba yangu si alikuwekesha ng'ombe?"

"Aliniwekesha."

"Basi na hisa ni hivyo hivyo. Unauza ng'ombe, unaiwekesha kampuni. Kampuni ndiyo inachunga, sisi tunalala. Kila mwaka inakuletea maziwa, ndiyo gawio. Thamani ikipanda, huyo ni ndama, na ndama ni wako. Siku ukiwataka ng'ombe wako, unawaita, wanarudi."

Mabula aliweka mpini chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama usoni, na Sauda aliona kwamba sasa ameelewa, ameelewa kila neno.

"Na wakifa?"

"Kampuni ile ni kubwa, baba mkubwa. Ya saruji. Haiwezi kufa."

"Sijauliza habari za mchungaji. Nauliza ng'ombe. Wakifa, nani analeta ngozi?"

Sauda hakufikiri. Alisema kama watu wa mjini wanavyosema tutaonana, au nitakupigia, au karibu nyumbani. "Mimi, baba mkubwa. Nitaleta mwenyewe."

Mzee hakuwa na maneno mepesi ya namna hiyo. Alinyanyuka, akampa mkono, akamwita Nyanzala asogee aone. Wiki iliyofuata aliuza madume yote ya kundi na majike kadhaa juu yake, wale aliokuwa amewatenga kwa ajili ya mahari ya Ngusa, fedha yote akanunulia hisa za saruji. Hakuna mtambulishaji wa kanda ile aliyekuwa amewahi kuleta mteja wa namna hiyo. Damiano alipiga simu mwenyewe. Picha ya Sauda iliwekwa kwenye kundi la watambulishaji ikiwa imezungushiwa maua, na watu wasiomjua wakamwita dada jembe.

Mwaka wa kwanza gawio lilikuja. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mabula, Ngusa akausoma kwa sauti, na kesho yake mzee alikuja mjini na kibuyu cha maziwa kwa Bi Zuhra. "Maziwa yamefika," alisema akicheka, "nami nimeleta mengine." Wafugaji wengine wawili wa Litapunga walimfuata Sauda dukani kwa ajili ya habari ile. Alijiona amepata. Alifunga meza ya khanga barazani, akaweka kiti cha kuzunguka na feni, akanunua viatu vya kisigino ambavyo havikupatana na vumbi la Mpanda. Ilikuwa raha, na raha ile tusimnyime, hakuipata nyingine.

Kisha bei ikaanza kushuka.

Kwanza ilishuka kidogo kidogo, kama maji ya mtungi uliopata ufa. Sauda aliitazama kila asubuhi kwenye simu, akijiambia kesho itasimama. Haikusimama. Kiwanda kilikuwa na matatizo ambayo magazeti yaliyaeleza kwa maneno marefu, na kadiri neno lilivyokuwa refu ndivyo bei ilivyokuwa fupi. Robo ya thamani ilipokwisha kupotea, alimpigia Damiano.

"Niwaambie wateja wangu?"

"Uwaambie nini?"

"Kwamba imeshuka."

"Sauda." Sauti ya redio ilipotea, ikabaki sauti ya kawaida iliyochoka. "Ukiwaambia, watauza. Wakiuza kwa hofu, wanapata hasara, na hasara hiyo itaandikwa jina lako. Soko linapanda, linashuka. Bei si kazi yako. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Haya. Halafu mwezi ujao tunachagua wasimamizi wa kanda. Wa kudumu, wa mshahara. Usijiharibie."

Neno mshahara lilikaa naye usiku na mchana. Alipokuwa anampimia mtu kitenge, lilikuwepo. Bi Zuhra, ambaye hakuelewa hisa lakini alimwelewa bintiye, alimuuliza mara moja tu, wakichambua mchele: "Za Mabula zinaendeleaje?" Sauda akasema zinaendelea vizuri. "Maana naona huendi tena Kasokola," mama yake alisema. Akaendelea kuchambua mchele.

Siku ya mnada Mabula mwenyewe alimkuta sokoni. Alikuwa amevaa shati jipya, na Nyanzala yuko nyuma yake na kapu la karanga mbichi, akachota viganja viwili bila kuulizwa, akamjazia Sauda kwenye mkoba.

"Ng'wanone, nilikuwa nakuja kwako," Mabula alisema. "Wakwe wa Ngusa wamekubali. Tumepanga siku, baada ya mavuno. Nimekwisha kuwaalika ndugu zangu wa Shinyanga, wazee watakuja. Sasa nataka nikuulize. Wale ng'ombe wetu hawajambo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali penyewe. Sauda alijua. Hakuna mtu atakayesema hakujua. Mzee alikuwa amesimama mbele yake akiuliza swali ambalo watu wake huuliza kila wanapokutana na mchungaji wao, na jibu lake ni moja kati ya mawili. Mdomo wake ulifunguka kabisa. Aliiona ile ngozi ya utotoni juu ya kaunta, na inzi, na baba yake akifuta miwani. Aliona pia kiti cha msimamizi wa kanda. Na akajiambia, kama tunavyojiambia wote, kwamba mpaka mavuno bei itakuwa imerudi, na asiyejua hataumia.

"Hawajambo, baba mkubwa," alisema. "Mungu awatangulie."

"Aa, nashukuru," Mabula alisema, na Nyanzala akamwongezea karanga.

Bei haikurudi. Mahindi yalikauka, yakavunwa, yakaanikwa. Malori ya mpunga yakaanza kukohoa kuelekea Tabora. Na bei ilikuwa chini ya nusu. Kisha asubuhi moja Damiano akapiga simu, sauti ya redio imerudi yote.

"Dada Sauda, habari njema. Kampuni imeboresha mfumo. Wateja wote sasa tunawahudumia moja kwa moja kwa simu, wana programu yao, wana namba yao. Kwa hiyo mpango wa watambulishaji tunaufunga. Tunakushukuru sana kwa mchango wako."

"Na wasimamizi wa kanda?"

"Hilo nalo limeahirishwa."

"Wateja wangu..."

"Wateja wa kampuni, dada. Tuko nao. Wewe pumzika."

Damiano akakata. Alikuwa ametunza siri ya watu waliomwona ni mlango, wameshaingia, wamemfunga. Hasira ilimpanda, hasira ya kweli, akatukana tusi ambalo hakuwa amelitamka tangu siku ya talaka. Mwanamke aliyekuwa anachagua blanketi akalirudisha rafuni, akaondoka. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine kilichomwogopesha zaidi, kwamba sasa hakuna tena anayemkataza. Alifunga duka mchana kweupe. Kwa bodaboda mpaka Kasokola si mbali.

Njiani alipanga maneno. Ataanza na pole. Ataeleza soko. Atasema hasara ni ya karatasi tu mpaka uuze, kama walivyofundishwa. Alipofika bomani aliyasahau yote, kwa sababu Nyanzala alimwona na hakuja mbio.

"Karibu," Nyanzala alisema.

Akaletewa kiti cha plastiki, kile kinachotunzwa kwa ajili ya watu wa serikali, kikafutwa vumbi kwa khanga. Mtoto wa jirani akatumwa dukani, akarudi na soda. Nyanzala aliifungua mbele yake, akaiweka juu ya kigoda, akarudi jikoni. Kibuyu kidogo kilikuwa kimening'inia pale pale kwenye nguzo, pua ya Sauda ilisikia moshi wake. Hakuna aliyekigusa.

Mabula alitoka zizini, akanawa mikono, akaketi mbali kidogo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, madam. Habari ya kazi?"

 Madam ni jina wanaloitwa wanawake wanaokuja na gari na kalamu.

"Nimekuja kukuambia," Sauda alisema. "Zile hisa zimeshuka. Zimeshuka sana. Nimekuletea ngozi, baba mkubwa. Nilikuahidi."

Mzee hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angeipandisha.

"Tumekwisha kuiona. Siku moja kabla ya wageni kufika, Ngusa alikwenda mjini kuziuza, akawapigia kampuni, wakamtajia bei. Wakamwambia ilianza kushuka tangu kabla ya mvua kuisha. Akanipigia simu kutoka huko huko barabarani, analia, mtu mzima. Ndugu zangu wa Shinyanga walikuwa wameshapanda gari." Alitazama zizi. "Nikaenda kwa wakwe na nusu ya mahari. Nimesimama mbele ya watu, na mvi hizi, nikasema nivumilieni. Sijawahi kusema neno hilo maishani. Mzee mmoja wa upande wao akauliza kama mahari yetu siku hizi tunaleta kwa awamu kama mkopo wa pikipiki. Watu wakacheka. Ngusa akatoka nje. Ikabidi tuwatoe wale majike wanaonyonyesha, tuongezee."

"Nisamehe, baba mkubwa. Ile hasara..."

"Hasara sikudai. Ng'ombe hufa. Wa baba yako walikufa mikononi mwangu, hakunidai hata mmoja." Sasa alimgeukia. "Ningeambiwa, nisingepanga siku. Basi. Ningewaambia wakwe tusubiri mwaka, wangesubiri, ni watu wazuri. Nilikuuliza pale sokoni. Mke wangu alikuwepo."

"Walinikataza kusema."

"Nani?"

"Kampuni."

Mabula alifikiri, kama mtu anayejaribu kwa haki kabisa kukumbuka sura ambayo hajawahi kuiona. "Hao siwajui," alisema. "Mimi nilimwekesha mtoto wa Lukmani."

Machozi yalimtoka Sauda, akayaacha. Alitamani mzee amtukane, amfukuze, amwambie asikanyage tena hapa. Penye matusi kuna mlango wa kurudia. Mabula alimsubiri mpaka akamaliza. Kisha akamwambia soda inapata moto, anywe. Akainywa yote, kwa sababu angefanya nini kingine. Walipoagana, Nyanzala alitoka jikoni kumpa mkono, akatuma salamu kwa mama yake kwa maneno yote yanayostahili, bila kupunguza hata moja.

Ilipofika siku ya mnada uliofuata, Ngusa alionekana barabarani mapema, fimbo begani, anaswaga ng'ombe mwekundu wa paji jeupe na ndama wake. Alipita nao sokoni, akapita kwenye maduka ya jumla, mpaka kwenye baraza la duka la marehemu Lukmani. Akamfunga ng'ombe kwenye nguzo moja na ndama kwenye nguzo nyingine, mbalimbali, ndama asimfikie mama yake. Sauda alikuwa mlangoni na kitenge mkononi.

"Ngusa, kaka yangu, hii ni nini?"

Ngusa alikuwa anatazama fundo la kamba. "Baba amesema mpokee mali yenu. Amesema wote wazima, hakuna ngozi."

"Huyu tulimwacha kwenu. Alisema mwenyewe, undugu usikatike."

"Nimeagizwa hivyo tu, madam." Akageuka, akaondoka kwa mwendo wa kawaida, fimbo begani.

Bi Zuhra alikuwa ametoka ndani, akaegemea mlango. Alimtazama yule ng'ombe muda mrefu, akamtazama binti yake, akafunga mdomo kwa mtandio.  Watu wanaokwenda mnadani walianza kusimama, maana si kila siku utaona ng'ombe anayenusa vitenge. Dalali mmoja wa mifugo, mwenye kofia pana, alimzunguka mnyama, akampapasa mgongo, akamkagua meno.

"Dada, huyu na ndama wake unawaachia kwa bei gani?"

Sauda akaanza kukunja kitenge, dalali akamgeukia mama yake.

"Muulize yeye," Bi Zuhra alisema kutoka mlangoni. "Bei ndiyo kazi yake."

Dalali alisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ndama alikuwa analia, anavuta kamba kuelekea kwa mama yake, na ng'ombe naye ameanza kumwitikia. Sauda alishika fundo la kamba ya ndama, akaliacha. Hakujua kama ndama anaachwa anyonye kwanza, au ng'ombe anakamuliwa kwanza. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kujua. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimekaza. Maziwa yakaanza kudondoka yenyewe juu ya saruji ya baraza.